Kabla ya Miwani ya Laki Nne, Kulikuwa na Vipande vya Mbao

Mwaka 1968, Harvard kule Marekani, jamaa anaitwa Ivan Sutherland pamoja na wanafunzi wake walitengeneza mashine ya kuvaa kichwani. Ilikuwa imeunganishwa na mtambo wa chuma ulioning'inia kutoka kwenye dari, kwa hivyo wakaipa jina la utani: Upanga wa Damocles, ule upanga wa hadithi ya Wagiriki uliofungwa kwa unywele mmoja juu ya kichwa cha mtu. Mbele ya macho kulikuwa na vioo vya kupitisha mwanga nusu. Aliyeivaa aliona chumba venye kilikuwa, na juu ya hicho chumba akaona mistari inayong'aa iliyochorwa na kompyuta. Akizungusha kichwa, mchoro unabaki pale pale hewani, na yeye anauona kutoka upande mwingine.

Sasa niulize walichora nini. Si zimwi, si gari, si mchezo wa kupiga risasi. Kati ya vitu vya kwanza kabisa binadamu kuonyeshwa kwa hiyo njia ulikuwa mchemraba. Mistari 12, kona 8, basi.

Na haikuwa bahati tu. Miaka mitatu kabla, mwaka 1965, Sutherland alikuwa ameandika makala fupi kuhusu kioo cha kompyuta cha mwisho kabisa. Wazo lake lilikuwa kwamba vitu tunavyoishi navyo, mawe, maji, mlango, tunavielewa kwa sababu tumevigusa tangu utotoni. Vitu vya hesabu hatujawahi kuvigusa. Kompyuta ingeweza kutupatia nafasi ya kuvizoea kama jinsi tumezoea sufuria. Kwa hivyo hii teknolojia, tangu siku ya kwanza, ilikuwa na hesabu ndani yake. Michezo ilikuja baadaye.

Leo tunaiita uhalisia mseto. Hilo jina lilikita mizizi mwaka 1994, wakati Paul Milgram na Fumio Kishino walichapisha makala ya kupanga hizi mashine zote kwa mstari mmoja. Upande mmoja wa mstari ni dunia yetu hii ya kawaida. Upande ule mwingine ni dunia ya kompyuta tupu, ukivaa miwani huoni chumba chako hata kidogo. Kila kitu kilicho katikati, pale ambapo meza yako halisi imebeba piramidi isiyo halisi, ndio mseto.

Wasee, naandika hii kwa sababu kila mwaka kampuni fulani inatoa miwani mpya na kila mwaka tunaambiwa hii sasa ndiyo itamaliza shida ya hesabu shuleni. Mimi nimeenda nikasoma historia ya hii kitu, na nimerudi na msimamo mmoja: miwani haijawahi kufundisha mtu hesabu. Mkono ndio hufundisha. Na kila mara watu walisahau hilo, vifaa viliishia kabatini. Nifuate polepole, nitakuonyesha.

Kwanza tuelewane shida ni gani. Kama umefanya KCSE unajua ile mada ya kidato cha nne ya jiometri ya maumbo ya pande tatu, yaani yenye urefu, upana na kimo. Chukua sanduku. Sakafu yake ni sentimita 4 kwa 3, kimo ni 12. Unaulizwa: tafuta pembe kati ya ulalo mrefu, ule unaotoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, na sakafu ya sanduku.

Hesabu yenyewe ni Pythagoras, ile ulifunzwa kitambo. Ulalo wa sakafu ni 5, kwa sababu 9 na 16 ni 25. Ulalo mrefu ni 13, kwa sababu 25 na 144 ni 169. Pembe tunayotaka ni ile ambayo tanjenti yake ni 12 gawanya kwa 5, ambayo ni digrii 67.4 hivi. Mistari mitatu, umemaliza, umechukua alama zako.

Sasa mbona watu wengi huruka hilo swali? Kwa sababu shida si Pythagoras. Shida ni kuiona pembetatu. Hiyo pembetatu ya 5, 12 na 13 imejificha ndani ya sanduku, imesimama mshazari, na hakuna mahali imechorwa. Kwa karatasi, pembe yake ya digrii 90 haionekani kama 90, imepinda kwa sababu mchoro wenyewe umelazwa. Mwalimu anachora piramidi VABCD ubaoni, mistari ya nyuma anaiweka nukta nukta, anageuka anauliza, "Tuko pamoja?" Darasa zima linajibu "Ndio mwalimu!" Uongo mtupu. Watatu ndio wako pamoja naye. Wengine wanaona utando wa buibui.

Na hapo ndipo mtu hupewa jina: wewe si mtu wa hesabu. Hilo jina linakufuata hadi kwa kozi unayochagua, hadi kwa kazi unayoomba. Yaani maisha ya msee yanaamuliwa na kama jicho lake linaweza kugeuza mchoro bapa kuwa sanduku.

Haya, turudi nyuma kabisa, kabla ya kompyuta.

Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza kifaa alichokiita stereoskopu. Alikuwa amegundua kwamba macho yetu mawili huona picha mbili zinazotofautiana kidogo, na ubongo huziunganisha ndipo tunapata kina. Akachora michoro miwili ya umbo moja, mmoja wa jicho la kushoto, mwingine wa kulia, akatumia vioo kuipeleka kila mmoja kwa jicho lake. Mara umbo likasimama mbele ya karatasi. Wakati huo picha za kamera hazijatangazwa bado, hizo zilikuja mwaka uliofuata. Kwa hivyo Wheatstone alitumia nini? Maumbo ya mistari tu, kama mchemraba na koni iliyokatwa kichwa. Ukivaa miwani yoyote ya leo, hata ile ya bei mbaya, ndani bado kuna ujanja huo huo wa 1838. Picha mbili, macho mawili.

Lakini mtu ninayetaka umjue leo si Wheatstone. Ni dada mmoja anaitwa Alicia Boole.

Alizaliwa mwaka 1860 mjini Cork, Ireland. Baba yake ni George Boole, yule wa aljebra ya kweli na uongo ambayo kila kompyuta na simu inatumia. Baba alifariki 1864, akaacha mama na wasichana watano na pesa kidogo sana. Alicia hakuenda chuo kikuu. Jiometri aliyofunzwa rasmi ilikuwa vitabu viwili vya kwanza vya Euclid, ikaishia hapo. Mama yake, Mary Everest Boole, alikuwa mwalimu wa aina yake. Aliamini mtoto lazima ashike kitu kabla ya kuambiwa jina lake, na aliwapa watoto kadi zenye vitobo, sindano na uzi. Unashona mistari iliyonyooka kutoka kitobo hadi kitobo kwa mpangilio, na ghafla mkunjo unajitokeza ambao hakuna aliyeuchora. Hiyo ni hesabu ya juu kabisa, na kifaa ni uzi.

Alicia alipokuwa na miaka kama 18, nyumbani kwao alikuwa akija mwalimu mmoja anaitwa Charles Howard Hinton, ambaye baadaye alioa dada yake mkubwa. Hinton alikuwa mtu wa vituko. Mwaka 1886 alihukumiwa siku tatu jela kwa kuoa mke wa pili kinyume cha sheria, na baadaye akiwa Marekani akabuni mashine ya baruti ya kurusha mpira wa besiboli. Lakini kitu kilichomnyima usingizi kilikuwa mwelekeo wa nne. Sisi tuna urefu, upana na kimo. Je, kama kungekuwa na mwelekeo mmoja zaidi, maumbo yangekuwaje? Ndugu wa mchemraba katika mielekeo minne yeye ndiye aliyempa jina la teserakti, katika kitabu cha mwaka 1888.

Hinton alikuja na rundo la vipande vidogo vya mbao vya mchemraba. Kila kimoja alikipa jina. Aliwaambia hao wasichana wavipange, wavipangue, wakariri majina yake, hadi waanze kuhisi umbo la mwelekeo wa nne likipita katikati ya hizo mbao.

Wengine walichoka. Alicia akashika moto. Alifika mahali Hinton mwenyewe hakufika. Bila mwalimu wa chuo, bila hesabu ya kuandika, aligundua kwamba katika mielekeo minne kuna maumbo kamili sita tu, yaliyojengwa kwa vipande 5, 8, 16, 24, 120 na 600. Mswisi mmoja, Ludwig Schläfli, alikuwa ameyapata hayo hayo mapema, katika miaka ya 1850, lakini Alicia hakujua.

Alifanyaje? Fikiria chungwa. Ukilikata vipande vyembamba kutoka juu hadi chini, unapata duara dogo, linakua, linafika kubwa kabisa katikati, linapungua tena, linaisha. Kama wewe ni kiumbe bapa anayeishi kwenye karatasi na chungwa lipite katika karatasi yako, hayo maduara ndiyo utakayoona. Sasa panda ngazi moja. Umbo la mielekeo minne likipita katika chumba chetu, sisi tungeona maumbo ya kawaida yakikua na kupungua. Alicia aliyaona hayo kichwani, halafu akayakata kwa kadibodi, akayapaka rangi, akayabandika, moja baada ya jingine.

Akaolewa mwaka 1890, akawa Alicia Boole Stott, akawa na watoto wawili, na kazi za nyumba zikawa nyingi. Kisha mume wake akamwonyesha maandishi ya profesa wa Uholanzi, Pieter Schoute, aliyekuwa akihesabu vipande vya katikati vya hayo maumbo sita. Alicia akamtumia picha za modeli zake za kadibodi. Zilikuwa sawa kabisa na alichopata profesa kwa hesabu ya kuandika. Profesa alishangaa, akafunga safari kwenda Uingereza, na wakafanya kazi pamoja kwa karibu miaka 20. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Groningen kilimpa udaktari wa heshima. Modeli zake nyingine bado ziko huko hadi leo.

Mimi niliacha kampasi, na sijaja kuwaambia muache shule kwa sababu Alicia hakuenda. Hapana. Kitu ninachokiona hapa ni kingine. Watu wengi waliziangalia zile mbao za Hinton. Hinton alikuwa hata anauza wazo lake kwa vitabu. Aliyeelewa ni yule ambaye, baada ya kuangalia, alichukua makasi.

Sasa linganisha na kilichotokea Ujerumani wakati huo huo. Katika miaka ya 1870, mjini Munich, maprofesa Felix Klein na Alexander Brill waliwafanya wanafunzi wao watengeneze modeli za plasta za nyuso za hesabu, zile zenye milinganyo migumu. Mwanafunzi anahesabu, anachonga, anakosea, anachonga tena. Ilikuwa poa sana. Kisha ndugu yake Brill, Ludwig, akaona biashara. Akaanza kuziuza. Vyuo vya Ulaya na Marekani vikanunua, na mwaka 1893 Klein akazipeleka kwenye maonyesho makubwa ya Chicago. Biashara ikachukuliwa na Martin Schilling, na kufikia 1911 katalogi yake ilikuwa na modeli karibu 400.

Kufikia miaka ya 1930 biashara ilikuwa imeisha. Hesabu yenyewe ilikuwa imehamia kwenye mambo ya dhahania, lakini kuna sababu nyingine inayonigusa zaidi. Modeli ilikuwa imegeuka kutoka kitu cha kutengeneza kuwa kitu cha kununua. Mwanafunzi wa Munich alijua kila mkunjo kwa sababu aliuchonga. Mwanafunzi wa chuo kilichonunua aliipita kwenye kabati la vioo akienda darasani. Vyuo vingi vya Ulaya bado vinazo, zimejaa vumbi, nzuri kweli kweli.

Shika hiyo picha ya kabati, tutairudia.

Baada ya vita mtu aliyerudisha mkono kwenye hesabu alikuwa Mwafrika, Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria mwaka 1928. Yeye na wenzake wawili, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, walianzisha lugha ya kompyuta ya watoto, Logo, mwaka 1967. Mtoto anamwamuru kobe: enda mbele 100, geuka digrii 90. Mara ya kwanza kobe alikuwa roboti sakafuni, baadaye akaingia kwenye skrini. Mtoto akikwama, anaambiwa asimame, ajifanye kobe, atembee mwenyewe. Anagundua mraba kwa miguu yake. Papert alisema waziwazi kwamba kompyuta isimpange mtoto, mtoto ndiye aipange kompyuta.

Mwaka 1978, pale Chuo Kikuu cha Brown, Thomas Banchoff na Charles Strauss walitoa filamu ya kompyuta ya teserakti ikizunguka na kukatwa vipande. Yaani kile Alicia alikata kwa makasi, sasa kinatembea kwenye filamu. Watu walishangaa. Lakini filamu ni filamu, unaketi unaangalia.

Ndipo tunafika Vienna, Austria. Huko wanafunzi wa sekondari wana somo zima la jiometri ya michoro, kwa hivyo lile tatizo la VABCD wanalijua vizuri kutuliko sisi. Mwaka 2000 Hannes Kaufmann, akiwa na Dieter Schmalstieg na Michael Wagner, walitoa programu inayoitwa Construct3D. Watu wawili wanavaa miwani ya kuona kupitia, wanasimama chumba kimoja, na umbo linaelea kati yao. Kila mmoja ana kalamu na kibao mkononi. Wanaonana, wanaongea, wananyoosheana kidole: "hapana, hiyo kona, ile ya nyuma."

Angalia walichokataa kufanya. Hawakuweka piramidi zilizotengenezwa tayari ili wanafunzi wazunguke wakipiga kelele za furaha. Mwanafunzi anaweka nukta mwenyewe hewani. Anaunganisha. Anajenga tufe, koni, bapa, anakata kimoja kwa kingine aone mkato unakaaje. Akivuta nukta, umbo lote linafuata. Kaufmann alifanyia hiyo kazi udaktari wake, akamaliza 2004. Kwangu hii ndiyo kazi ya uhalisia mseto iliyoelewa somo la Alicia: miwani ni chumba cha kazi, si jumba la sinema.

Shida ilikuwa vifaa. Miwani ya wakati ule ilikuwa mizito, ya bei ya kutisha, na ilihitaji kamera na kompyuta kubwa. Shule ya kawaida hata Austria haingeweza.

Jirani hapo hapo, Chuo Kikuu cha Salzburg, mwaka 2001 mwanafunzi anaitwa Markus Hohenwarter alianza programu ya hesabu kama kazi yake ya masomo. Akaiita GeoGebra na kuitoa bure. Ikakua, ikapata maumbo ya pande tatu mwaka 2014, na kuanzia 2017 ikaanza kuweka hayo maumbo juu ya meza yako kupitia kamera ya simu, kwanza kwa simu za Apple, baadaye za Android. Hakuna miwani. Simu ndiyo dirisha.

Upande wa makampuni makubwa sasa, soma hii orodha polepole. Google ilitoa miwani ya kadibodi mwaka 2014, na mwaka uliofuata ikaanza mradi wa Expeditions wa kupeleka madarasa safari za picha. Juni 2021 Expeditions ikafungwa. Microsoft ilitoa HoloLens mwaka 2016 kwa dola 3,000, ikaja ya pili mwaka 2019 kwa dola 3,500. Oktoba 2024 ikatangaza haitengenezi tena. Apple ikatoa Vision Pro Februari 2024 kwa dola 3,499. Ukipiga dola moja kwa shilingi 130 hivi, hiyo ni zaidi ya laki nne na nusu, kabla ya ushuru, kwa kichwa kimoja.

Unaona lile kabati la vioo likirudi? Plasta ya Schilling na miwani ya Microsoft ziko kwa rafu moja. Kampuni ikibadilisha mawazo, shule inabaki na vumbi.

Na sisi Kenya tuna kabati letu. Ahadi ya kompyuta za watoto wa darasa la kwanza ilipigiwa kampeni 2013, na tablet zikaanza kufika shuleni 2016. Kuna shule zilizitumia vizuri, na hongera kwa walimu hao. Lakini sote tumeona habari za tablet zilizofungiwa stoo, hakuna stima, hakuna aliyefunzwa kuzitumia, ama mwalimu mkuu anaogopa zitaibiwa. Kifaa kilifika kabla ya kazi ya kufanya nacho.

Wacha nikupe jaribio dogo nililofanya mwenyewe. Binamu yangu yuko kidato cha nne. Nilimfungulia GeoGebra kwa simu yangu, nikamwekea lile sanduku la 4, 3 na 12 likiwa limekamilika juu ya meza ya sebuleni. Alifurahi sana. Akalizunguka, akalirekodi, akaweka video kwa status. Nikamuuliza ile pembe. Akaniangalia tu.

Siku iliyofuata nikalifuta sanduku. Nikamwambia, jenga. Weka kona nane mwenyewe. Ilimchukua karibu nusu saa, kona moja ikaenda chini ya meza tukacheka. Alipounganisha ulalo wa sakafu, kisha ulalo mrefu, akanyamaza. Akasogea na simu hadi upande ambapo ile pembetatu ilimtazama uso kwa uso. "Kumbe imesimama," akasema. Neno moja. Pembe akaipata kwa karatasi bila mimi kumwambia kitu. Kesho yake, bila simu, akatengeneza sanduku lingine kwa vijiti na udongo wa kuchezea wa mdogo wake, akaninyooshea pembetatu kwa kidole.

Simu ile ile, programu ile ile, msichana yule yule. Kilichobadilika ni nani alijenga.

Najua kuna mtu atasema mtoto mmoja si utafiti. Sawa kabisa, wala sisemi ni utafiti. Ila linalingana na zaidi ya miaka 120 ya hii historia, kutoka mbao za Hinton hadi kalamu ya Vienna. Mwingine ataniambia si kila mtoto ana simu inayoweza kuweka umbo mezani, na ni kweli, simu nyingi za bei ya chini hazina huo uwezo. Lakini sehemu ya kawaida ya GeoGebra ya kujenga maumbo inafanya kazi bila kamera na bila bando ukishaipakua. Na ikikosekana simu kabisa, vijiti, udongo, karatasi ya manila, sindano na uzi wa Mary Boole viko kila duka la mtaa.

Sisemi tuikatae teknolojia. Mimi mwenyewe nakula kwa sababu ya teknolojia. Kuna vitu mbao haziwezi: huwezi kuvuta kona ya kadibodi ukaona maumbo elfu yakipita, huwezi kushika teserakti inayogeuka. Hapo uhalisia mseto una nguvu ya kweli, na siku bei itashuka nitakuwa wa kwanza kupanga foleni. Ninachosema ni swali la kuuliza kabla ya shule, kaunti ama wizara kutoa hata shilingi moja: kwa hii kitu, mwanafunzi atajenga nini? Kama jibu ni "ataona", funga mkoba. Kama jibu ni "ataweka nukta, atakosea, atavuta, ataanza upya", tuongee bei.

Hili si jambo la kesho. Mwaka 2025, baada ya mjadala mkali, serikali ilisema hesabu itabaki lazima kwa wanafunzi wa sekondari ya juu, ile ya mtaala mpya, lakini kwa aina mbili: moja nzito ya wanaoelekea sayansi, nyingine nyepesi ya wengine. Mimi sipingi kuwa na aina mbili. Swali langu ni nani ataamua mtoto yuko upande gani, na kwa kipimo gani. Tukiendelea kupima watoto kwa uwezo wa kuona piramidi ndani ya mistari ya nukta nukta, tutawapeleka maelfu upande mwepesi kwa sababu ya ubao, na si kwa sababu ya akili zao.

Alicia Boole angepimwa kwa ubao pekee, huenda naye angeambiwa yeye si mtu wa hesabu. Bahati yake ni kwamba kuna mtu alimwaga mbao mezani, na hakuna aliyemwambia asiguse.